Msuluhishi Mwenye Upande

Ni nani kati yetu sisi wa Meru na Embu angekubali kesi yake iamuliwe Nchiru na mzee wa Njuri Ncheke ambaye wanawe wamebeba marungu ya upande wa pili? Hata hivyo, ndivyo serikali za kanda yetu zinavyotaka kuzima vita vya majirani.

Haikuwa hivyo daima. IGAD, iliyoundwa mwaka 1986 kupambana na ukame, ilijitwika usuluhishi wa vita vya Sudan. Tarehe 20 Julai 2002, serikali ya Khartoum na SPLM zilitia saini itifaki mjini Machakos, katika uliokuwa Mkoa wetu wa Mashariki, uliotawaliwa kutoka Embu. Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliyaongoza mazungumzo hayo hadi mkataba kamili wa Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Kweli, SPLM ilikuwa na ofisi Nairobi. Lakini Khartoum nayo ilimwamini msuluhishi kiasi cha kutia saini. Tena tusiwasahau watu wa makanisa, waliowapatanisha Wadinka na Wanuer huko Wunlit mwaka 1999. Wao hawakuwa na jeshi la kutuma wala mpaka wa kulinda.

Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, IGAD iliwaita mahasimu Addis Ababa, huku majeshi ya Uganda, mwanachama wake, yakipigana upande wa Rais Salva Kiir. Mkataba wa Agosti 2015 ulivunjika Julai 2016.

Sasa aibu hiyo imebisha mlangoni petu. Vita vya jeshi la Sudan na RSF vilianza Aprili 2023. Mwezi Juni IGAD ilimkabidhi Rais William Ruto uongozi wa kundi la nchi nne la upatanishi. Jeshi la Sudan likamkataa, likidai anawapendelea RSF. Januari 2024 Sudan ikasimamisha uanachama wake. Je, serikali yetu ilijisafisha? Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi, wakatia saini hati ya kuunda serikali yao. Tukaambiwa kwamba Kenya ilitoa ukumbi wa mazungumzo tu. Mazungumzo gani hayo, ya upande mmoja?

Machi 2025 Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, majani chai yakiwemo. Mchumaji wa Imenti na wa Runyenjes hakuwahi kuulizwa kama auze soko lake kwa ajili ya urafiki wa wakubwa. Na hasara yake ni ndogo mno mbele ya ile ya mama wa Darfur aliyeikimbia nyumba yake.

Mbunge wako akija kanisani Jumapili na bahasha ya harambee, mwulize mbele ya waumini: ni nani aliyewaalika RSF Nairobi, na kwa idhini ya nani?