Hofu iliyouzwa kwa jina la ukweli

NDUGU msomaji, mwaka 1999 mama mmoja nchini Marekani alipokea kadi za rambirambi kwa ajili ya binti yake. Walioziandika hawakuwa na nia mbaya. Walimhurumia kwa dhati mzazi waliyemdhania kuwa amefiwa. Lakini binti yule, Heather Donahue, alikuwa hai na mzima wa afya. Alikuwa mwigizaji, na alikuwa amecheza katika filamu ya kutisha iitwayo The Blair Witch Project.

Imepita zaidi ya robo karne tangu filamu hiyo itoke. Hata hivyo, yaliyowapata watazamaji wake yana mafunzo kwa kila mzazi ambaye leo ana simu mkononi na watoto nyumbani.

Kisa chenyewe

Waongozaji wawili vijana, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walipiga filamu hiyo mwezi Oktoba 1997 kwa siku nane tu, katika misitu ya jimbo la Maryland. Fedha walizoanza nazo hazikuzidi makumi machache ya maelfu ya dola. Waigizaji watatu walipewa kamera wajipige picha wenyewe, wakaachiwa maelekezo ya maandishi porini, na chakula chao kikapunguzwa siku hadi siku ili uchovu na hasira zao ziwe za kweli.

Hadithi yao ni ya wanafunzi watatu walioingia msituni mwaka 1994 kutafuta habari za mchawi wa kale wasirudi tena, kisha mikanda yao ikaokotwa baada ya mwaka mmoja. Mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Mtazamaji huona giza, miti, mawe yaliyopangwa na vijiti vilivyofungwa pamoja, na husikia vilio.

Filamu ilipooneshwa katika tamasha la Sundance mwezi Januari 1999, kampuni ya Artisan iliinunua kwa zaidi ya dola milioni moja. Ilipomaliza kuzunguka duniani ilikuwa imeingiza karibu dola milioni 250.

Kwa nini waliamini?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu hawakuamini kwa sababu ya yale waliyoyaona ndani ya ukumbi, bali kwa sababu ya yale waliyoambiwa kabla hawajaingia. Tovuti ya filamu iliweka taarifa zilizofanana na za polisi pamoja na picha za waliopotea. Matangazo ya kutafuta watu waliopotea yalibandikwa na kugawiwa. Televisheni ilirusha kipindi kilichozungumzia mkasa huo kana kwamba ni historia. Waigizaji walitumia majina yao halisi, na katika orodha mashuhuri ya filamu kwenye intaneti waliandikwa kuwa wamepotea na wanadhaniwa kuwa wamekufa. Wao wenyewe walitakiwa wasijitokeze hadharani.

Kadhalika, ubovu wa picha uligeuzwa kuwa ushahidi. Tumezoea kudhani kwamba mwongo hupamba maneno yake, na kwamba picha inayotikisika, isiyo na taa wala muziki, haina hila. Waliotengeneza filamu hii waliijua dhana hiyo na wakaitumia.

Watazamaji waligawanyika. Wapo waliotoka wakitetemeka, wakiwa na hakika kwamba wametazama saa za mwisho za watu watatu. Wapo waliougua kichefuchefu kwa mtikisiko wa kamera, hata baadhi ya majumba ya sinema yakaweka matangazo ya kutahadharisha. Wapo waliotoka wakilalamika kwamba wamelipa kiingilio na hawakuona kitu. Na wapo waliojua tangu mwanzo kwamba ni mchezo, wakaufurahia kama mchezo. Wahakiki wengi waliisifu filamu, huku Heather Donahue akipewa tuzo ya dhihaka ya mwigizaji wa kike mbaya kuliko wote wa mwaka ule.

Madhara hayakuishia kwenye kumbi. Burkittsville ni mji mdogo wa watu wasiofika mia mbili, na haukuwa na hadithi yoyote ya mchawi huyo kabla ya filamu. Ghafla ulivamiwa na wageni waliokuja kumtafuta, na vibao vyenye jina la mji vikaibwa.

Tusizidishe chumvi

Pamoja na hayo, uadilifu unatutaka tuwe waangalifu. Habari za hofu ya umma nazo huhitaji kuhakikiwa. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles alirusha redioni nchini Marekani mchezo wa uvamizi kutoka sayari ya Mars, na magazeti yakaandika kwamba taifa zima lilikumbwa na kiherehere. Watafiti wa baadaye walionesha kwamba magazeti yaliikuza mno habari hiyo. Hivyo, hata anayesimulia jinsi wengine walivyodanganyika huenda naye anauza kitu.

Walioiuza filamu ya Paranormal Activity mwaka 2009 walilielewa hilo vyema. Filamu hiyo ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji wake, Oren Peli, kwa dola 15,000 hivi, ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Matangazo yake yaliwaonesha watazamaji wakiruka na kupiga mayowe gizani kuliko yalivyoionesha filamu yenyewe. Hofu ya mteja mmoja ikawa chambo cha kumvutia mwingine.

Watoto hawana ngao

Jambo zito zaidi lilitokea Uingereza. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilirusha Ghostwatch, mchezo uliojifanya matangazo ya moja kwa moja kutoka nyumba yenye mizimu. Ulikuwa umerekodiwa miezi kadhaa kabla, na jina la mwandishi wake lilioneshwa mwanzoni. Lakini waliokaa mbele ya kamera walikuwa watangazaji halisi, akiwemo Michael Parkinson, watu ambao familia ziliwaamini kila wiki. Simu za malalamiko zilimiminika. Mwaka 1994 madaktari waliandika katika jarida la kitabibu la nchi hiyo kuhusu wavulana wawili wa miaka kumi walioathirika akilini baada ya kukitazama kipindi hicho.

Tusiseme kwamba kila hadithi ya kubuni ni uongo. Msimulizi anayeanza kwa kusema hapo zamani za kale ameshafunga mkataba na wasikilizaji wake, na hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza pale mmoja anapoujua mchezo na mwenzake haujui, kisha yule anayejua akafaidika kwa kutojua kwa mwenzake.

Kwa Waislamu, agizo la kuhakiki habari kabla ya kuichukua si geni. Hata mtoto wa madrasa hulisikia. Basi tulitumie sebuleni kwetu. Picha inapoletwa na mtoto akauliza, "Baba, hii ni kweli?", tusimjibu kwa ukali wala kwa kubahatisha. Tuulize pamoja naye: Nani aliyepiga picha hii? Kwa nini aliendelea kupiga wakati wa hatari? Nani anafaidika tukiiamini? Leo kompyuta huweza kutengeneza sura na sauti ya mtu aliye hai, na maswali hayo yana uzito kuliko mwaka 1999.

Na tusimsahau yule binti aliyeombolezewa akiwa hai. Baadaye aliacha uigizaji na akabadili jina lake. Mwaka 2024 yeye na wenzake wawili waliandika barua ya wazi kwa kampuni inayomiliki filamu hiyo, wakidai malipo ya haki kwa kazi iliyowatajirisha wengine. Majina yao halisi ndiyo yaliyoifanya hofu iuzike, na robo karne baadaye walikuwa bado wanadai haki yao.

Wabillahi tawfiq.