Kichwa cha Gita Hakiimbi

Niseme mapema ndio tusichoshane: huhitaji Fender. Huhitaji Gibson pia. Na kama uko Migori au Homa Bay na unataka kupiga gita ya stima ya muziki wa huku kwetu, kuna sababu za maana za kuziacha hizo mbili dukani hata kama leo umeshikishwa doo ya kuzinunua.

Najua nimekanyaga mtu. Huku jina ni jina. Msee anakuja mazoezini na gita imefunikwa kama mtoto mchanga, anafungua begi polepole, na kitu cha kwanza wenzake wanafanya ni kuinama kusoma kichwa cha gita. Wakikuta lile jina la Kimarekani, heshima. Wakikuta jina ambalo hawajawahi kusikia, "omera, hii nayo umetoa wapi?" Halafu kicheko. Na hajapiga hata noti moja!

Hicho kicheko ndicho kinanikera, kwa sababu kina gharama. Kuna vijana Rongo, Awendo, Ndhiwa na Mbita wenye masikio na vidole, na mwaka wa tatu huu wako kwa foleni ya gita ya ndoto. Hawapigi. Wanangoja. Wakati wanangoja, kibodi moja inaingia ukumbini ikifanya kazi ya ngoma, ya bezi na ya solo, mwenye baa anafurahi kulipa watu wawili badala ya saba, na gita inaondoka taratibu kwa muziki ambao gita yenyewe ndiyo ilikuwa uti wa mgongo. Sina vita na kibodi. Nina vita na kijana wa solo aliye nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya maandishi.

Hebu tupige hesabu. Stratocaster mpya iliyotengenezwa Marekani inapita laki moja na nusu kabla hujagusa usafiri na ushuru. Hiyo inakaribia pesa ya pikipiki, na pikipiki kesho yake asubuhi iko steji inarudisha mafuta. Gita haina steji. Kwa hivyo wengi wanaishia kwa njia ya mkato: feki. Mbao isiyojulikana, vyuma vyepesi, halafu juu kabisa imebandikwa lile jina kubwa. Nimewahi kushika moja. Nilipoifuta jasho kichwani, herufi mbili zilibaki kwa kitambaa. Mwenyewe alikuwa ameilipia karibu mara mbili ya gita isiyo na jina iliyokuwa imening'inia kando yake, na hiyo ya kando ilikuwa inashika sauti vizuri kuliko yake. Alilipia stika, bana.

Sasa turudi nyumbani. Benga ilizaliwa kwa nini? Wapiga gita wa Kiluo walichukua nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho Dholuo kinakiita thum, neno lile lile la muziki, wakahamishia mdundo wake kwa gita. Ndiyo maana solo ya benga inakimbia vile, nyuzi nyembamba juu, noti fupi fupi, mwimbaji akinyamaza gita inachukua maneno na kuyamaliza. Bezi nayo haikai nyuma kwa adabu, inaruka ruka ikijibizana na solo. Wakuria, majirani zetu hapa hapa Migori, wana iritungu. Kisii wana obokano. Ukanda huu wote ni wa watu wa nyuzi nane. Na niulize: ni nani amewahi kumwuliza mpiga nyatiti kampuni? Nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, leo nyingi ni nailoni ya kuvulia samaki. Ngozi ya ng'ombe, mbao, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu cha kugonga mdundo, basi. Watu wanalia kwa matanga, watu wanatunzwa pesa, na hakuna aliyeinama kusoma chochote.

D.O. Misiani alitoka Shirati, pale ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Ukisimama Muhuru Bay si mbali. Yeye na Shirati Jazz wakaibeba benga mpaka wakamwita mfalme wake. Miaka ya 70 Phares Oluoch Kanindo akasambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe wakaupenda muziki huo mpaka wakauita kwa jina lake: kanindo. Fikiria hilo kidogo. Sauti ilitoka ziwani ikafika Harare, na jina lililobaki mdomoni mwa watu kule lilikuwa la mtu wa kwetu. Si la kiwanda cha gita.

Na Congo, ambako wapenzi wa rumba mnapenda kunipeleka kila nikianza hii mada? Franco Luambo alianza utotoni na gita ya kujitengenezea, nyuzi zake waya wa stima uliochunwa, akipiga sokoni Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndio wateja wavutike kwa meza ya mama yake. Huyo baadaye ndiye TPOK Jazz. Ulaya nako Brian May wa Queen, akiwa kijana, alikaa chini na baba yake mwaka 1963 wakaanza kuchonga gita kutoka kwa mbao ya jiko la zamani la ukutani. Hiyo hiyo ndiyo amepiga nayo viwanja vyote vya dunia. Danelectro waliuza gita za bei rahisi tangu miaka ya 50, mwili wake umetengenezwa kwa mbao za kukandamizwa, kitu cha kutengeneza milango ya kabati, na Jimmy Page wa Led Zeppelin akapanda nayo jukwaani.

Inawezekanaje? Kwa sababu gita ya stima si kama nyatiti. Haitegemei sanduku. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, mtikisiko unazaa umeme kidogo, umeme unaenda kwa amplifaya. Kile kidude cha sumaku ndicho pikapu (si ile ya kubeba miwa ya Awendo). Unachosikia wewe na watu wako ni pikapu, ni mahali imekaa chini ya nyuzi, ni amplifaya na spika, na kabla ya hayo yote ni vidole. Jim Lill, mpiga gita wa Nashville, alivuta nyuzi na pikapu hewani bila mwili wala shingo ya gita, akarekodi, na sauti ikatoka kama Telecaster nzima. Hebu itafute usikie, halafu uje tubishane kuhusu mbao.

Lakini hoja yangu kubwa hata si bei. Ni kwamba zile gita mbili za kuabudiwa hazikuundwa kwa usiku wetu. Telecaster ni ya 1950, Les Paul 1952, Stratocaster 1954, zote za kumbi za watu wenye stima iliyotulia. Chukua Strat ya kawaida, pikapu zake za koili moja, ipeleke baa ya hapa: soketi haina arthi, friji inanguruma nyuma yako, taa ya tyubu inapepesa. Koili moja inaokota huo uchafu wote na kuurudisha kwa spika, mvumo kama wa nyuki ndani ya mtungi. Wacha nitoe haki: dawa ilitoka Gibson kwenyewe, ambako fundi Seth Lover mwaka 1955 aliunda pikapu ya koili mbili zinazouana mvumo. Kazi safi. Ila huo ujanja si siri ya mtu tena, kila kiwanda kinautengeneza. Halafu chukua Les Paul, nyingi zinafika kilo nne na zaidi, uivae begani kwa matanga kuanzia saa tatu usiku mpaka jogoo. Asubuhi utazikwa na marehemu.

Benga inataka nini basi? Sauti nyembamba inayong'aa, kutoka kwa pikapu iliyo karibu na daraja, na shingo inayokuruhusu kukimbia juu kule kwa freti za kumi na kuendelea bila kung'ang'ana. Na pikapu ya koili mbili ya kukimbilia stima ikikosa adabu. Gita yenye hivyo vyote iko. Yamaha wanatengeneza Pacifica tangu 1990, nyingi zikiwa na koili moja mbili pamoja na ya koili mbili karibu na daraja, na hiyo ndiyo yangu: ya mtumba, imechubuka, mwenyewe wa kwanza alichora nyota nyuma kwa kalamu na sijaifuta. Nyepesi. Haitoki kwa sauti. Ukiikunja kwenda kwa pikapu ya daraja na kupunguza kidogo kifungo cha toni, inalia ile sauti ya santuri za kina babu kiasi kwamba jirani yangu wa makamo huzima redio asikilize.

Ila usikimbie kununua Pacifica kwa sababu nimesema. Ukifanya hivyo umehamisha dini tu, umebadilisha sanamu. Rafiki yangu wa bezi anapiga kitu cha Kijapani cha zamani ambacho jina lake limefutika kabisa, na hakuna gita nyingine ukanda huu ninayoionea wivu hivyo.

Kuna wale watasema gita ya jina haipotezi thamani, utaiuza. Kwa nani? Nitajie mtu Homa Bay mjini ambaye wiki hii ana laki moja na nusu ya kununua gita yako. Utaishia kuipeleka Nairobi, na yule wa Nairobi atanusa shida yako kabla hujashuka matatu. Wengine watasema basi nichukue Squier au Epiphone, ni za ukoo. Ni kweli: Squier ni ya Fender, na Epiphone ilinunuliwa na Gibson mwaka 1957. Kuna nzuri humo. Lakini zishike kama gita, zisikushinde kwa undugu. Binamu wa tajiri bado anaweza kuwa mkopaji.

Ukienda kununua, beba waya wako mwenyewe. Muuzaji akikataa uchomeke, toka. Tazama shingo kwa kuishika kama bunduki, jicho moja, uone kama imepinda. Pitisha kidole ukingoni mwa shingo. Freti zikikukwaruza, punguza bei. Zungusha vifungo, mkwaruzo kidogo ni vumbi, sauti ikikatika kabisa ni waya, na waya fundi redio yeyote mwenye soda na chuma cha moto anaumaliza. Nyuzi zikiwa juu sana usiogope, hiyo inashushwa. Halafu piga kitu chako halisi. Acha ule wimbo wa majaribio wa rock ambao kila mtu anapiga dukani. Piga solo ya benga, ya haraka, dakika tatu, huku umeangalia ukuta ili usisome kichwa cha gita. Mkono wa kushoto ukisahau kwamba ni gita ya mtu mwingine, umeipata.

Pesa iliyobaki isilale. Amplifaya. Wengi wetu tunanunua gita kwa jasho halafu tunaichomeka kwa spika ya redio iliyopasuka na kulaumu gita. Gita ya kawaida ndani ya amplifaya nzuri itaiaibisha gita ya laki mbili ndani ya takataka, kila siku. Na ukitoka dukani chukua seti mbili za nyuzi, saizi 10, moja ya kufunga na moja ya begi. Hewa ya ziwa inakula chuma, na uzi ukikatika Ndhiwa saa nane usiku hakuna duka litakufungulia.