Kelele si mbio: habari ya ekzosi niliyoikata

Najua nimepotea wiki kadhaa, mpaka kuna waliokuwa wananiuliza kule kantini kama nimekula disko. Hapana jamani, disko bado (he he). Nilikuwa na kesi ya pikipiki, na nilikuwa sitaki kuisema maana inaniaibisha. Lakini juzi nimewaona madogo wawili wa mwaka wa kwanza wanaisukuma pikipiki yao kwenda kwa fundi, eti ikatwe ekzosi "ipumue". Nikajiona mimi mwenyewe. Nikasema leo naandika, liwalo na liwe.

Kwa msioifahamu, pikipiki ni ya braza. Ni 125 ya Kichina, injini yake ni ya ukoo wa ile Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo viwanda vingi vya China viliiiga. Braza alipohamishiwa Dodoma kikazi aliniachia kwa sharti: niendeshe boda jioni na wikiendi, hela ya kula na fotokopi itoke humo, na kila Jumapili nimtumie shemeji chochote kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo pikipiki ile ni jembe la watu wawili.

Sasa bumu likashuka. Nikaenda kwa fundi mmoja hapa Morogoro, akaizunguka mara mbili, akaniambia, "Dogo, hii wameiziba pua. Tukiifungua utaniambia." Akaikata ekzosi, akatoa yale mabati ya ndani yanayopunguza sauti, akachomelea bomba tupu. Elfu thelathini. Kabureta hakuigusa hata kidogo. Nikawasha... ngurumo! Siku mbili nzima nilikuwa mfalme wa kijiwe.

Dalili zilianza mapema ila sikuzielewa. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga pa! pa! pa! na washkaji wanashangilia, mimi najua ndiyo sifa. Silensa ikawa inabaki juu, inachelewa kushuka. Nikiwa na abiria kwenye kilima inasita katikati kama mtu aliyesahau jambo nyumbani. Bomba pale linapotokea kwenye injini likageuka bluu. Wiki ya saba, asubuhi moja, nikapiga kiki mpaka mguu ukauma. Kimya. Kompresheni hakuna. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni.

Hapo ndipo nikapelekwa kwa fundi mwingine, mzee wa makamo asiye na maneno mengi. Kabla ya kufungua chochote alichomoa plagi akanionyesha. Nyeupe kama chokaa. "Hii inakufa njaa," akasema. Plagi ya injini inayokula vizuri huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta ni mengi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi.

Nitaeleza nilivyoelewa. Petroli ili iungue sawasawa inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na injini ikiwa inavuta mzigo inataka petroli zaidi ya hapo. Kabureta haina akili ya kupima hayo. Ina vijitundu, tunaviita jeti, vilivyotobolewa kwa kipimo kinachoendana na ekzosi na kichujio cha hewa ulichopewa kiwandani. Ukibadilisha njia ya moshi, hewa inaingia na kutoka kwa namna nyingine, na vile vijitundu viko vile vile. Kama mchanganyiko ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, sasa unakonda kabisa. Mchanganyiko uliokonda huungua polepole, valvu inafunguka moto bado unawaka, na valvu ndiyo inayopokea. Nisimwonee fundi wa kwanza kwa kila kitu: nafasi ya valvu nayo ilikuwa imebana, na hiyo ni mimi sikuipima miezi mingi. Lakini ile njaa ndiyo iliyomalizia kazi.

Msimamo wangu basi ni huu: ukigusa ekzosi umegusa kabureta. Fundi anayekukatia bomba halafu anakuambia "twende, imeisha", ameifanya nusu ya kazi na nusu nyingine utailipa wewe. Mzee alinifundisha kwamba unapokunja mafuta kidogo, chini ya robo, ni jeti ndogo na skrubu yake zinazofanya kazi. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano, ambayo unaipandisha kwa kushusha klipu pingili moja ili mafuta yaongezeke. Ukikunja mpaka mwisho ni jeti kubwa. Unabadilisha kimoja, unaendesha, unasoma plagi, ndipo unakwenda kingine. Na usikopi namba ya jeti ya mshkaji wa mkoa mwingine. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo seti inayofaa Dar huko juu itakuwa na mafuta mengi.

Wenye pikipiki za injekisheni msinicheke. Na nyinyi kompyuta yenu iliandikiwa ekzosi ya kiwandani. Kwa kawaida sensa ya oksijeni husahihisha unapokwenda mwendo wa taratibu, lakini ukikunja mpaka mwisho kompyuta inafuata jedwali lake la zamani.

Halafu tuulizane ukweli: mbio ziliongezeka? Injini ile ina nguvu farasi kama 11. Nilikata ekzosi, mwendo wa mwisho ukabaki pale pale. Kilichoongezeka ni sauti, na sauti inalipiwa na wengine. Mama mwenye nyumba ana mjukuu mchanga. Usiku mmoja nimerudi saa tano, nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto akipata usingizi tu, ndipo wewe unarudi." Angenifokea ingekuwa afadhali. Tangu siku ile nikawa nazima injini kwenye mwembe na kusukuma mpaka getini, na bado sikupata akili ya kurudisha ekzosi!

Matengenezo yote, valvu, kusaga, gasketi, jeti na ekzosi ya mtumba ya aina ile ile, yalinila laki moja na ishirini. Wiki tatu boda hakuna. Jumapili tatu shemeji hakupata kitu. Nilipompigia braza kumweleza, alikaa kimya, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwani ilikuwa na tatizo gani?" Sikuwa na jibu, maana haikuwa na tatizo lolote.

Sasa imerudi. Inatoa sauti ya kawaida kabisa, inapanda kilima na abiria bila kusita, na plagi yake ni chai ya maziwa. Kama una elfu thelathini ya bumu inakuwasha mfukoni, safisha kabureta, badilisha kichujio cha hewa, pimisha valvu. Utaona inavyobadilika. Na kama lazima ukate, basi beba na hela ya jeti.

Wale madogo wawili niliwakimbilia, nikawaeleza. Mmoja alinisikiliza. Mwingine alisema mimi mzee. Haya bwana, tutakutana kwa fundi.

Ni hayo tu kwa leo. Wabishi karibuni, tupo pamoja.