Filamu za kwetu zitufikie

Mhariri,

Filamu nzuri zinazotuhusu hazitufikii watazamaji wa kawaida.

Hivi karibuni, nikiwa Dar es Salaam, nilitazama "The Empty Grave" (2024) ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner. Inafuatilia familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao walionyongwa na wakoloni wa Kijerumani. Mama aliyekaa kando yangu alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Niliporudi kwetu Songea, nilimuuliza mwenye kibanda cha video. Hakuwahi hata kuisikia!

Naziomba mamlaka za filamu na vituo vya televisheni vituonyeshe kazi kama hii. Wasomaji wenzangu, mnasemaje?

Mtazamaji,
Songea