Waya Shingoni mwa Pundamilia



Ndugu wapendwa, wiki hii tafakari yangu haianzii katika masomo ya Dominika, bali mbele ya kompyuta ya ofisi ya parokia, usiku, wakati mlinzi amekwisha kufunga lango. Nimekuwa mwanafunzi tena. Kijana mmoja wa kwaya, ambaye umri wake haufiki nusu ya umri wangu, ananifundisha kuhariri picha za wanyamapori, nami nakiri kwamba ni mwalimu mkali kuliko baadhi ya waliotufundisha falsafa seminarini.

Chanzo ni safari yetu ya kiangazi kilichopita, tulipokwenda na vijana wa parokia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kijana huyo alinikabidhi kamera yake kwa nusu siku. Nilipiga picha nyingi, na nyingi zilikuwa mbaya: twiga asiye na kichwa, nyati aliyegeuka kivuli, swala waliokimbia kabla kidole changu hakijafika. Chache zilifaa, na hizo ndizo tulizozifungua katika kompyuta.

Somo la kwanza lilikuwa hili: “Padre, picha ya awali haiguswi.” Tunatumia programu iitwayo darktable, inayopatikana bure, nayo haibadilishi faili la kamera hata kidogo, kila unaloliamuru huliandika pembeni, katika faili dogo la maelekezo. Somo la pili lilihusu faili ghafi. Picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, kumbe faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096. Ndiyo maana kivuli kilichoonekana cheusi tii chaweza kufunguliwa taratibu, na ndani yake likatokea sikio la mnyama ambalo kwa hakika lilikuwapo. Lakini palipoungua kwa jua hapaokoleki. Mlia mweupe wa pundamilia uliopigwa saa saba mchana ukishapita kipimo, hakuna habari iliyobaki ndani yake, na ukiupunguzia mwanga utapata kijivu tu.

Nimejifunza kunyoosha upeo wa macho uliolala upande, kukata kingo, kuondoa rangi ya buluu inayoingia vivulini, na kupunguza chengachenga za picha zilizopigwa alfajiri. Nimejifunza pia kuongeza ukali wa picha kwenye jicho la mnyama, si kila mahali. Kosa langu kubwa katika majuma ya mwanzo lilikuwa kukoza rangi. Majani makavu ya Mikumi niliyafanya yawe kama maganda ya machungwa, nami nikafurahi sana. Kijana alizima kioo cha kompyuta, akanitoa nje nitazame nyasi za uwanjani kwa dakika tano, kisha akaniuliza, “Padre, hizo ulizipaka, uliziona wapi?”

Basi, kati ya picha zilizofaa palikuwa na pundamilia mmoja, amesimama ubavu wa kushoto, masikio yameelekezwa kwetu. Picha nzuri kweli. Shingoni mwake, hata hivyo, palikuwa na waya wa mtego, umemkaza, na chini yake ngozi imechubuka. Pale hifadhini sikuuona; niliuona nilipoikuza picha. Nilisikitika, lakini nilikuwa nimeshaichagua picha ile kwa ajili ya ubao wa matangazo, na nikajiambia kwamba waumini wanastahili kuuona uzuri wa kazi ya Mungu bila doa. Kijana hakuwapo usiku ule. Nilifungua programu ya GIMP, nikachukua zana ya kunakili, nikachota milia ya bega na kuipaka juu ya waya na jeraha. Kazi ilinichukua saa mbili. Nilijivuna, niseme ukweli. Kesho yake nilimwonyesha kila aliyepita ofisini.

Majuma mawili baadaye, baada ya Misa ya kwanza, muumini mmoja ambaye kazi yake ni uaskari wa wanyamapori alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alinisubiri.

“Shikamoo, Padre. Huyu pundamilia ana jambo. Milia ya shingoni imejirudia. Bega na shingo ni kitu kimoja.”

Nilimweleza, huku nikicheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama picha ya awali ipo, ilipigwa tarehe ngapi, na sehemu gani ya hifadhi. Kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba kitanzi cha waya huendelea kukata nyama kila mnyama anapovuta, na kwamba daktari wa wanyama aweza kumlaza kwa dawa na kukikata, ilimradi mnyama apatikane. Na ili apatikane ni lazima ajulikane. Pundamilia hujulikana kwa milia yake.

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Hakuna pundamilia wawili wenye milia sawa, kama vile hakuna watu wawili wenye alama sawa za vidole. Mwezi Januari 2016, kaskazini mwa Kenya, wananchi na wageni walitumwa na kamera kupiga picha za pundamilia wa Grevy, ubavu wa kulia, ili kompyuta isome milia na kumhesabu kila mnyama mara moja tu. Yaani watu wa kawaida, baadhi yao wanafunzi wapya kama mimi, waliifanya picha kuwa sensa. Nami kwa zana ya kunakili nilikuwa nimemnyang'anya mnyama jina lake.

Wapo watakaosema kwamba picha ni sanaa, na msanii ana uhuru wake. Mwaka 1994 mpiga picha wa Marekani, Art Wolfe, alitoa kitabu kiitwacho Migrations, ambamo baadhi ya makundi ya wanyama, wakiwamo pundamilia, yalijazwa kwa kunakili wanyama ndani ya kompyuta. Hakuficha, alikieleza kuwa kitabu cha sanaa. Hata hivyo mabishano yalikuwa makubwa, na nadhani nafahamu kwa nini. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, angeweza kumpa chui madoa yoyote aliyotaka, wala hakuna aliyedanganyika, maana mchoro hujitangaza kuwa ni mchoro. Picha ya kamera husema jambo jingine hata pasipo maneno chini yake. Husema: mnyama huyu alikuwapo, mahali hapa, akiwa hivi. Anayeibadilisha huku akiacha usemi huo uendelee, anashuhudia uongo, na amri ya nane haikuweka msamaha kwa ajili ya uzuri.

Maoni yangu, basi, kwa vijana wetu wanaoanza kazi hii kwa simu na kompyuta, ni kwamba udhaifu wa kamera ni mali yetu kuurekebisha, lakini kilichokuwa porini si mali yetu. Kamera haioni vivuli kama jicho lionavyo. Basi fungua kivuli. Chembe ya vumbi iliyokaa ndani ya kamera haikuwapo porini kamwe. Ifute bila wasiwasi. Kijiti kilichopita mbele ya uso wa simba kilikuwapo, hata kama kinaudhi. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa na makumbusho ya historia ya viumbe ya London hufuata mkondo huo huo: kurekebisha mwanga na kukata kingo ni ruksa kwa kiasi, kuongeza au kuondoa kiumbe ni marufuku.

Kukata kingo, hata hivyo, kunanisumbua bado. Katika picha ya tembo nilikata barabara kuu iliyokuwa nyuma yake. Barabara hiyo hupita ndani ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama hugongwa pale. Kijana wangu anasema kila picha ina kingo, hata ile ambayo haikukatwa, maana mpiga picha huchagua pa kuelekeza kamera. Ana haki. Lakini picha yangu ya tembo inamfanya mtazamaji aamini kuwa tembo huyo anaishi mbali na malori, na hilo si kweli. Sijapata jibu linaloniridhisha.

Kila Ijumaa ya Kwaresima tunasimama katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Mapokeo yanasema Veronika alimpangusa Yesu uso, na sura ikabaki katika kitambaa. Wakristo wa kale walipenda kulisoma jina lake kuwa ni “sura ya kweli”. Sura hiyo ilikuwa na damu na vumbi. Nimekihubiri kituo hicho kwa miaka mingi, na bado usiku ule sikukikumbuka.

Picha ya awali ilikuwapo, ashukuriwe kijana na somo lake la kwanza. Ndani ya faili kamera ilikuwa imeandika tarehe na saa, nami nilikumbuka kwamba tulikuwa upande wa uwanda wa Mkata. Askari aliondoka na nakala. Ile niliyoipaka nimeibandua ubaoni, na mahali pake nimeweka ya kweli, yenye waya. Mama mmoja wa WAWATA ameniuliza kwa nini nimebandika kitu cha kusikitisha hivyo mlangoni pa kanisa, na kama siwezi kukiondoa kabla watoto hawajapokea Komunyo ya Kwanza. Nimemwomba ikae hapo hadi tupate habari kutoka Mikumi.

Nawatakia Dominika njema.