Sidiria ya Michezo Nayo ni Kifaa cha Michezo

Kila mwaka shule za Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, kama shule nyingine nchini, huwa na fursa ya kupeleka wanariadha UMITASHUMTA na UMISSETA. Katika maandalizi hutajwa jezi, viatu na nauli. Sidiria ni nadra kutajwa. Msichana aliyebalehe akikimbia huku amekunja mikono kifuani, au akiomba kukaa pembeni, huitwa mvivu.

Huo si uvivu. Titi halina mfupa wala msuli ndani yake. Hushikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zilizoelezwa na daktari Mwingereza Astley Cooper mwaka 1840. Mtu akikimbia, titi huenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Matokeo yake ni maumivu, michubuko na aibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwahoji wasichana 2,089 wa umri wa miaka 11 hadi 18. Karibu nusu walisema matiti huathiri ushiriki wao michezoni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya mijini. Lakini sidiria ya michezo yenyewe ilibuniwa mwaka 1977 na wanawake watatu wa Vermont, Marekani, waliotumia cherehani. Mafundi cherehani hawakosekani kwetu. Kinachotakiwa ni kitambaa kizito kisichovutika sana, mikanda mipana ya mabega, na ukanda wa chini unaokaza bila kubana pumzi: vidole viwili vipite chini yake. Mvaaji arukeruke kabla ya kununua. Kujifunga kanga kwa nguvu hubana kifua, na sidiria ya mtumba iliyolegea haishikilii kitu.

Mwaka 2023 Mtanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika Marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41. Vipaji vya namna hiyo visipotee kwa kukosa kipande cha nguo. Kamati za shule na maofisa michezo waiweke sidiria katika bajeti kando ya viatu. Walimu wa kike walizungumze jambo hili na wasichana faraghani, bila kejeli, kabla ya mazoezi kuanza. Anayedai msichana akimbie, kwanza amwezeshe kukimbia bila maumivu.