Mnaskani Karatasi, Negativu Zinaozea Gitting

Leo nina hasira kidogo. Wale mnaopenda makala laini, rukeni hii, tutaonana wiki ijayo.

Tangu maporomoko ya Hanang nimechoka kusikia wimbo mmoja: "tunahifadhi kumbukumbu kidijitali". Uliza mnahifadhi vipi. Unaonyeshwa kijana ameshika simu, anapiga picha ya picha iliyo kwenye albamu, juu ya nailoni yake, mwanga wa dirisha umempiga babu usoni mpaka pua haionekani. Kisha inarushwa WhatsApp, inakamuliwa huko mpaka yanabaki makapi, na chini mtu anaandika "imehifadhiwa". Jamani, imehifadhiwa nini? Mmehifadhi mng'ao wa nailoni.

Wengine wamepiga hatua, wana ile mashine ya ofisini ya kutolea kopi na kuskani barua. Wanalaza pale karatasi ya picha, wanapata faili, wanajipongeza. Na ndani ya bahasha hiyohiyo ya studio, nyuma ya picha, kuna kimfuko chenye vipande vya filamu ya rangi ya kahawia. Hicho wanakirudisha kabatini. Au wanakitupa, kwa sababu "hivi havionyeshi kitu".

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kile kipande cha kahawia ndiyo picha yenyewe, na karatasi ni kopi. Tena kopi ya haraka, iliyotolewa na mashine ya studio iliyokuwa na foleni ya wateja, ikakatwa pembeni ili iingie kwenye saizi ya postikadi. Mjomba aliyesimama mwisho wa mstari akapotea nusu. Kwenye negativu mjomba yupo mzima. Uso uliotoka mweusi tii kwenye karatasi, mara nyingi kwenye negativu una macho, una makunyanzi, una kila kitu, maana filamu hubeba tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza kuliko karatasi. Ukiskani karatasi unahifadhi haraka za fundi wa studio. Kuokoa picha ni jambo jingine.

Sasa kwa nini Gitting? Kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu mahali penyewe panafundisha. Gitting iko Hanang, chini ya mlima, baridi yake siyo ya mchezo na ukungu hushuka mpaka mlangoni. Filamu inapenda baridi, lakini baridi kavu. Baridi yenye unyevu ni karamu ya kuvu. Utando wa picha kwenye filamu ni jelatini, chakula kizuri tu kwa kuvu, na ukiona vijimzizi vyeupe kama utando wa buibui juu ya shangazi yako ujue karamu imeanza. Na tafadhali usikimbilie maji. Jelatini iliyoliwa na kuvu inaweza kuyeyuka kwenye maji, ukabaki na plastiki tupu mkononi.

Halafu kuna lile la tarehe 3 Desemba 2023. Mlima ulimwaga matope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sitaki kulinganisha maiti na albamu, asinielewe mtu vibaya. Nasema tu kwamba nyumba ikizikwa na tope, karatasi, negativu, simu na kompyuta vyote vinazikwa pamoja, na anayebaki anaanza kuuliza kwa ndugu wa Babati, wa Arusha, wa Dar: nani ana picha ya mama? Kwa wengi jibu ni picha moja ya kitambulisho.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika: watu wana shida ya maji na barabara, wewe unaongelea filamu. Haya, tuongee shida. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kupitia NAFCO na kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Hanang. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, na moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa kwamba trekta zilipita juu ya makaburi ya wazee wao, zile bung'eda. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu ile. Hoja kubwa ilikuwa uthibitisho: mlithibitishaje kwamba ardhi hii ni yenu? Sisemi picha ingewashindia. Sheria haikuwa nyepesi kiasi hicho. Nasema picha ya kaburi likiwa limesimama, yenye mwaka na jina la mahali, ni kitu ambacho mtu hawezi kukufuta nacho kirahisi. Huwezi kumwambia mjukuu kwamba pale hapakuwa na kitu wakati anacho kitu mkononi.

Kwa hiyo naomba tuache utani kwenye suala la mashine.

Kuna kiboksi kidogo kinauzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Unasukuma filamu upande mmoja, unabonyeza, picha inatoka baada ya sekunde mbili tatu. Kimeandikwa megapikseli 14, 22, wengine wanajaza wanavyojisikia. Ndani yake kuna kamera ndogo ya kiwango cha simu ya zamani na taa nyuma ya filamu, basi. Kinakupa JPEG iliyokwisha kupikwa, mawingu yamekuwa chokaa, vivuli vimekuwa lami, na huna pa kurekebisha. Kwa kupitia haraka ujue nini kiko kwenye kimfuko gani, sawa, kitumie. Kwa kuhifadhi, hapana. Wanaokuuzia kiboksi hicho kama "suluhisho la kumbukumbu za familia" wanakuuzia changa la macho.

Uongo wa pili ni wa nukta kwa inchi. Mwandishi mwenzangu aliniambia kwa kujivuna kwamba taasisi fulani, sitaitaja, imenunua mashine ya 6400. Nikamwuliza 6400 ya wapi, ya kwenye boksi au ya kwenye filamu? Mashine ya kulaza yenye taa ya filamu kwenye kifuniko, kama Epson V600, imeandikwa 6400 kweli, lakini waliopima kwa vipimo wanakuta undani halisi kama robo tu ya hapo. Plustek OpticFilm zinaandika 7200, unapata karibu nusu. Ukiiamuru mashine itoe 6400 haikupi undani zaidi, inakupa faili kubwa la ukungu. Jaza diski, subiri dakika nyingi, halafu ona kilekile.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Picha moja ya filamu ya kawaida ni milimita 24 kwa 36. Kwa nukta 4000 za kweli unapata kama pikseli 5,670 kwa 3,780, yaani megapikseli 21 hivi. Faili la TIFF la biti 16 linakaribia megabaiti 130, na roli la picha 36 linakula zaidi ya gigabaiti 4 na nusu. Kwa nukta 2400 unapata megapikseli karibu 8. Kwa picha ya harusi iliyopigwa na kamera ya bei rahisi, mkono ukitetemeka, 2400 za kweli zinatosha kabisa. Kwa slaidi kali iliyopigwa na lenzi nzuri, zinapunja.

Mimi nasema hivi. Kama kimfuko chako kina filamu pana, zile za studio za zamani zenye picha za mraba za sentimita 6 kwa 6, V600 au ndugu zake wakubwa wanafaa, kwa sababu filamu ni kubwa na huhitaji kuikuza sana. Kama ni filamu ya kawaida tu, Plustek inaishinda, ingawa utasukuma picha moja moja kwa mkono na utaota usiku unasukuma. Nikon Coolscan zilikuwa mashine za kweli, lakini hazitengenezwi tena tangu miaka ya 2009 na 2010 hivi, zilizobaki ni mitumba, baadhi zinadai waya wa FireWire ambao kompyuta yako haina, na ikiharibika utafute fundi mwenyewe. Programu ya VueScan bado inaziendesha nyingi, hilo nalikubali.

Kwa Gitting lakini nisingebeba hata moja kati ya hizo. Ningebeba kamera ya megapikseli 24, lenzi ya makro inayofika moja kwa moja, stendi imara, kibao cha mwanga cha LED chenye CRI ya 95 kwenda juu, na kishikio kinachonyoosha filamu. Kamera inatumia betri, kibao kinatumia betri, umeme ukikatika kazi inaendelea. Roli zima unalimaliza wakati mwenye Plustek yuko kwenye picha ya nne. Na, hili ndilo kubwa, vifaa vinakwenda kwa bibi. Negativu za bibi hazipandi basi kwenda Dar "kuskaniwa kisha zitarudi". Wangapi wamerudishiwa? Nyoosheni mikono.

Namna ya kutumia nitaisema haraka ingawa watu huharibu hapa. Osha mikono, shika filamu kwenye kingo. Vumbi pulizia kwa kipira cha hewa; usipulize kwa mdomo, mate yanatua, na usifute kwa kanga hata iwe safi namna gani. Upande usiong'aa ndio wenye picha, uelekee lenzi, kisha geuza picha kwenye kompyuta. Ukiona maandishi ya duka yanasomeka kinyume umesahau kugeuza. Kuhakikisha kamera iko sambamba na filamu, weka kioo kidogo mahali pa filamu: lenzi ijione yenyewe katikati kabisa. Zima taa za chumbani. Hifadhi RAW au TIFF, JPEG ni ya kutumiana tu.

Ile njia ya kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi, iliyomo kwenye mashine kama Plustek 8200i, ni nzuri kwa negativu za rangi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe ya kawaida izime, maana fedha iliyomo inaizuia miale na mashine inadhani babu ni vumbi, inamfuta. Kodachrome nayo huleta matatizo. Na ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, hiyo ni asetati inaoza: itenge na nyingine siku hiyohiyo, na ianze hiyo kwanza, foleni ya harusi isubiri.

Faili liite kwa mwaka, kijiji na kimfuko lilikotoka. Kisha mkalishe bibi mbele ya kompyuta, washa kinasa sauti, muulize nani huyu, shamba gani lile. Aseme kwa Kiiraqw au Kidatoga, usimlazimishe Kiswahili chetu cha mjini. Nakala tatu, moja ikae mbali na mlima. Na negativu zirudi kwenye mfuko wa karatasi au polipropilini. Skana haimpi mtu ruhusa ya kutupa.

Mtu asiniambie haya ni ya Ulaya. Kampala, shirika la utangazaji la UBC lilikuwa na kabati lenye negativu kama 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Wakashirikiana na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia, wakaanza kuziskani mwaka 2018, na mwaka 2019 maonyesho yakafunguliwa Jumba la Makumbusho la Uganda. Negativu zenyewe hazikuhamishiwa ng'ambo kukaa huko. Hilo likiwezekana kwa filamu 70,000, bahasha 40 za Gitting zinashindikana vipi?

Kuna kundi jingine nataka kulisema kabla sijafunga. Hospitali ya Haydom, Mbulu, ilianzishwa na Wanorwejiani mwaka 1955. Wataalamu wa ngano wa Canada walikaa Hanang miaka mingi. Hao walikuwa watu wa zama za slaidi: unapiga, unarudi nyumbani, unawaonyesha majirani ukutani. Ninyi wasomaji wangu mlioko Oslo, Bergen, Winnipeg, na najua mpo maana mnanitumia barua pepe za kulalamika, ulizeni. Wazee wale wanafariki na watoto wao wanasafisha dari. Sanduku likipatikana, msikubali kutumiwa "picha chache nzuri" kwa simu. Ombeni sanduku lote liskaniwe, pamoja na yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye fremu za slaidi, na nakala ije Katesh na Mbulu. Niandikieni, stendi na kibao cha mwanga ninavyo, na Desemba nakwenda Gitting.